Kabla Mombasa haijatangaza tamasha lake la filamu, tuitazame Zanzibar ya 1998

Kila baada ya muda, kiongozi wa Pwani husimama mbele ya waandishi wa habari na kuahidi kwamba eneo letu litakuwa kitovu cha filamu. Hutajwa fukwe, hutajwa Fort Jesus, hutajwa jua la mwaka mzima. Makofi hupigwa, picha hupigwa, na watu huenda zao. Vijana wa Kisauni na Likoni wanaojua kushika kamera hurudi kwenye kazi inayowalisha, yaani kupiga picha za harusi na matanga.

Sisemi ahadi hiyo ni mbaya. Ninachosema ni kwamba hatuna haja ya kubahatisha. Jirani zetu wa Unguja walilifanya jambo hili zaidi ya miaka 25 iliyopita, wakiwa na pesa kidogo na matatizo mengi kuliko tuliyo nayo sisi leo. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lilianzishwa mwaka 1997 na likafanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Wengi wetu tunalijua kama jambo la watalii na mashati ya maua. Tukirudi kwenye miaka yake ya mwanzo, tunapata mafunzo ambayo hakuna mshauri wa kulipwa atakayetuletea.

Pwani mbili, majeraha mawili

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 100 na kuwafukuza maelfu kwa maelfu kutoka majumbani mwao. Hoteli za Diani na za kaskazini zikabaki tupu. Mvua za El Niño zikaja kumalizia barabara. Agosti 1998 balozi za Marekani zilipuliwa Nairobi na Dar es Salaam, na mgeni aliyekuwa bado anasitasita akaamua kubaki kwao.

Unguja na Pemba nako hakukuwa shwari. Uchaguzi wa Oktoba 1995 ulikuwa umeacha visiwa vimegawanyika katikati, CCM upande huu na CUF upande ule. Wafadhili wa nje walisimamisha misaada yao kwa serikali ya Zanzibar. Viongozi na wafuasi 18 wa CUF walikuwa ndani kwa mashtaka ya uhaini, na hawakuachiwa hadi Novemba 2000. Miezi miwili tu baadaye, Januari 2001, polisi waliwapiga risasi waandamanaji, na Wapemba zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kwa mashua wakaja kutua kwetu Shimoni. Wazee wa Shimoni na Vanga wanakumbuka, maana wao ndio waliowapokea kwanza.

Katika hali hiyo hiyo watu wachache walikaa chini wakasema: tufanye tamasha la filamu. Mtu mwenye akili zake angewauliza kama wamepungukiwa. Kisiwa hakina mkate, nyinyi mnaleta sinema?

Lakini tazama walivyolipanga. Hawakuliweka chini ya wizara wala chini ya chama. Walilisajili kama shirika lisilo la serikali, likawa na bodi yake na akaunti yake. Kwa wakati ule uamuzi huo ulikuwa na maana mbili. Ya kwanza, mfadhili aliyekataa kuipa serikali pesa angeweza kulipa shirika. Ya pili, mtu wa CCM na mtu wa CUF wangeweza kukaa safu moja ndani ya Ngome Kongwe bila mmoja kuhisi amehudhuria mkutano wa mwenziwe. Visiwani miaka ile, palikuwa na sehemu chache sana za namna hiyo. Msikiti, uwanja wa mpira, na kwa siku kadhaa za mwaka, tamasha.

Hilo ndilo funzo la kwanza. Tamasha linalofunguliwa na gavana, likapewa jina la gavana, hufa siku gavana anapoondoka. Sisi tumeona miradi mingapi ikibadilishwa rangi na kibao kila baada ya miaka mitano?

Jina lilikuwa kazi nusu

Jina jingine la ZIFF ni Tamasha la Nchi za Jahazi. Waanzilishi hawakusema wanataka kuiga Cannes. Walichora ramani yao wenyewe: Afrika Mashariki, visiwa vya Bahari ya Hindi, Uarabuni na Ghuba, Uajemi, India na Pakistani. Ni zile bandari ambazo nahodha wa zamani alizijua kwa kaskazi na kusi. Tuzo kuu ikaitwa Jahazi la Dhahabu.

Wazo hilo lilikuwa na nguvu kwa sababu lilikuwa la kweli. Mzanzibari hakuhitaji kufundishwa kwamba filamu ya Bombay inamhusu. Babu yake aliiona Majestic pale Vuga, bibi yake aliiona katika maonyesho ya zanana ya wanawake peke yao, na nyimbo zake ziliingia kwenye taarabu. Mji huo ulikuwa na mapenzi ya sinema yaliyotimiza miongo mingi kabla ya tamasha kuzaliwa. Kufikia miaka ya 1990 kumbi kubwa zilikuwa zimedhoofika au kufungwa, zikiuliwa na televisheni na kanda za video, lakini watazamaji hawakuwa wamekufa. Tamasha liliwakuta wapo.

Na sisi je? Ukimwuliza mtu wa Mombasa wa umri wa miaka 50 kwenda juu, atakutajia bila kufikiri: Regal, Naaz, Majestic, Kenya, Lotus. Atakwambia nani alikuwa akiuza njugu mlangoni na filamu gani ya Amitabh Bachchan ilijaza ukumbi hadi watu wakakaa chini. Kumbi hizo zimegeuka maduka, makanisa na maghala. Leo anayetaka sinema ya kukaa kwenye kiti kizuri huenda Nyali na kulipa bei ya Nyali. Aliye Mishomoroni au Mtongwe huingia kibanda cha video, ambako DJ Afro humtafsiria filamu ya ngumi kwa maneno yake mwenyewe na watu hucheka hadi kulia. Kwa hiyo tusidanganywe kwamba Pwani haina utamaduni wa filamu. Tunao, ila umehamia vibandani.

Kuna kasoro moja ya jina la jahazi ambayo sharti tuiseme. Jahazi za Uarabuni na India zilikuja na kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka hadi mwezi wa tatu. Tamasha kwa kawaida hufanyika Juni au Julai, wakati kusi imekaza na nahodha wa zamani asingethubutu. Sababu si siri: Julai ndio watalii wa Ulaya huja, na mvua za masika zimekwisha. Kalenda ya tamasha ilifuata ndege, si jahazi. Simlaumu mtu, hoteli zililazimika kujaa. Ila tangu mwanzo tamasha lilikuwa na mabwana wawili, mgeni na mwenyeji, na historia yake yote ni ya kujaribu kuwatumikia wote wawili.

Ngome Kongwe na Fort Jesus

Desemba 1698 Waomani waliingia Fort Jesus baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, na utawala wa Mreno ukaisha katika pwani yetu ya kaskazini. Muda mfupi baadaye Waomani hao hao wakajenga ngome Unguja, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Hiyo ndiyo Ngome Kongwe. Miaka 300 baada ya Mombasa kuanguka, ngome ya Unguja ikawa ukumbi wa sinema: viti vya mawe vya duara, skrini, mwezi juu, na harufu ya pweza wa kuchoma kutoka Forodhani.

Waanzilishi hawakujenga chochote kikubwa. Walitumia walichokuwa nacho. Usiku filamu zilionyeshwa Ngome Kongwe, na pale nje, kwenye bustani ya Forodhani, palikuwa na maonyesho ya bure kwa kila apitaye. Beit al Ajaib jirani yake nayo ilitumika. Jumba hilo leo ni jeraha, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu. Wakati ule lilikuwa bado limesimama, na mji wote wa kale ulikuwa kama ukumbi mmoja. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, tamasha likiwa na umri wa miaka miwili, na kila kimoja kilikisaidia kingine kujulikana.

Fort Jesus iliingia orodha hiyo mwaka 2011. Ni jumba la makumbusho zuri, lakini jioni milango hufungwa na mji unarudi nyumbani. Lamu iko katika orodha tangu 2001, misitu ya kaya za Mijikenda tangu 2008, Gede tangu 2024. Hakuna pwani nyingine Afrika Mashariki iliyo na utajiri kama huo kwa umbali mfupi namna hii. Mombasa ina pia uwanja wa maonyesho wa wazi pale Mama Ngina, uliokarabatiwa mwaka 2019 kwa pesa za umma. Ukumbi tunao. Tumekosa mtu wa kuwasha taa ndani yake.

Tamasha la nani?

Swali hili liliulizwa Zanzibar tangu mwaka wa kwanza, na linaulizwa hadi leo. Wenyeji walisema: filamu ni za Kifaransa, maandishi chini ni ya Kiingereza, bia inauzwa hatua chache kutoka msikitini, na wanaokaa mbele ni wageni. Baadhi ya masheikh hawakufurahi. Wazazi wengine hawakuwaruhusu mabinti zao.

Wenye tamasha wangeweza kuwaita watu hao wajinga. Badala yake, katika miaka ile ya mwanzo walifanya mambo matatu ambayo nadhani ndiyo yaliyoliokoa tamasha.

La kwanza, waliipeleka sinema kijijini. Mpango wao wa vijiji ulibeba skrini, projekta na jenereta hadi mashamba ya Unguja na kuvuka hadi Pemba, mahali ambapo serikali yenyewe ilikuwa haipendwi. Mtoto wa Pemba alikaa kwenye mchanga akaona filamu ya Mwafrika mwenzake usiku, bila tiketi. La pili, waliweka mpango wa wanawake, wenye filamu, mazungumzo na mafunzo ya wanawake wenyewe, na mpango wa watoto. Hilo lilirudisha kwa namna mpya ile zanana ya bibi zao. La tatu, waliheshimu kalenda ya dini. Ramadhani ilipoifikia Julai, tamasha ndilo lililosogea. Mwaka 2014 lilifanyika Juni kabla ya mfungo, na mwaka 2015 likasubiri hadi baada ya Idd.

Malalamiko hayakwisha. Lakini mlalamikaji alikuwa na la kuonyeshwa. Ukija na tamasha Mombasa likafanyika hoteli ya Nyali peke yake, kwa Kiingereza, kwa mwaliko, usishangae watu wa Mji wa Kale wakiliita la wenyewe. Na watakuwa wamesema kweli.

Muziki nao ulisaidia. Tangu mwanzo tamasha halikuwa la filamu tupu. Kulikuwa na taarabu, ngoma na wasanii wa nchi za jahazi, na Bi Kidude, ambaye dunia ilikuja kumtuza WOMEX mwaka 2005, alikuwa sura ya jukwaa hilo la Ngome Kongwe. Mtu asiyekwenda kwa ajili ya filamu alikwenda kwa ajili ya Bi Kidude, na akishafika aliikuta skrini.

Pesa: neema na kamba shingoni

Sasa tuje kwenye jambo ambalo viongozi wetu hulikimbia. Tamasha la Zanzibar lilianza kwa pesa za wafadhili wa nje, na kwa miaka mingi limeishi kwa pesa hizo pamoja na udhamini wa makampuni. Zuku, ambayo ni kampuni ya huku Kenya, ilikuja kuwa mdhamini mkubwa na hata kuweka jina lake kwenye tuzo za filamu za Bongo. Tiketi peke yake haziwezi kulisha tamasha. Hakuna mahali zinapoweza, hata Cannes hutegemea pesa za serikali.

Hatari ni kwamba mfadhili ana miaka yake mitatu, halafu anabadilisha mawazo. Jirani zake wa Zanzibar wameionja hatari hiyo. Sauti za Busara, tamasha la muziki la kila Februari, liliahirishwa lote mwaka 2016 kwa sababu pesa hazikutosha. Chuo cha muziki cha DCMA nacho kilifika ukingoni mwa kufunga milango yake.

Linganisha na Burkina Faso, nchi maskini kuliko Kenya kwa kipimo chochote. FESPACO ilianza Ouagadougou mwaka 1969 kama wiki tu ya filamu za Kiafrika. Mwaka uliofuata serikali ikagombana na makampuni ya kigeni yaliyomiliki usambazaji wa filamu, ikayataifisha majumba ya sinema, na sehemu ya kila tiketi ikaanza kwenda kwenye filamu za Kiafrika. Mwaka 1972 tamasha likafanywa taasisi rasmi na Oumarou Ganda wa Niger akachukua farasi wa kwanza wa Yennenga. Kule serikali ilisimama nyuma ya tamasha kwa nguvu zote, na hasara yake ni kwamba tamasha halikuweza kusimama mbali sana na serikali. Zanzibar ilichagua uhuru na ikalipa kwa njaa. Burkina ilichagua shibe na ikalipa kwa ukaribu na ikulu. Hakuna njia ya tatu isiyo na gharama, na asiyetuambia hivyo anatuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kilichobaki baada ya skrini kukunjwa

Njia bora ya kulipima tamasha ni kuuliza limezaa nini. Idadi ya wageni wa kifungua mkoba haitoshi.

ZIFF ilizaa watu. Yusuf Mahmoud aliyefanya kazi ndani ya tamasha hilo alitoka akaanzisha Busara Promotions mwaka 2003, na Februari 2004 Sauti za Busara ikafanyika kwa mara ya kwanza. Hoteli za Zanzibar zikapata msimu wa pili ambao hazikuwa nao. DCMA, ambayo kirefu chake ni chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilifungua milango katika jengo la forodha ya zamani mwaka 2002, kikafundisha ganuni, fidla na ngoma kwa vijana ambao vinginevyo wangekuwa wanafukuza watalii ufukweni. Mafundi mitambo, wapiga taa, watafsiri na waongozaji wa jukwaa waliojifunza miaka ile ya mwanzo wamekuwa wakiajiriwa katika shughuli za kisiwa kizima. Mwaka 2021 Amil Shivji alipeleka Toronto filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, hadithi ya Zanzibar kwa Kiswahili cha Zanzibar. Siwezi kusema tamasha ndilo lililoitengeneza. Ila filamu kama hiyo humea mahali ambapo watu wamezoea kuamini kwamba hadithi yao inastahili skrini.

Kwetu, watu wa Pwani wameonyesha kwamba wanaweza. Rashid Abdalla na Lulu Hassan kupitia Jiffy Pictures wametupa Maria, Zora na Sultana, na Wakenya wa bara wakajifunza lafudhi yetu sebuleni mwao. Lakini maamuzi, pesa na tuzo viko Nairobi. Kijana wa Malindi mwenye filamu fupi ya dakika 15 hana mahali pa kuionyesha isipokuwa kwenye simu.

Mpira uko kwa kaunti

Hapa hatuwezi kumlaumu Nairobi kwa kila kitu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezitaja wazi kazi za kaunti, na miongoni mwake ni majumba ya sinema, maonyesho ya video, maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Serikali kuu imebaki na kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa, ndiyo maana Fort Jesus iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Pia kuna sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, iliyorithiwa tangu enzi za mkoloni, na bodi ya kuainisha filamu inayotaka kila filamu ipite kwake kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Tuliona mwaka 2018 jinsi Rafiki ya Wanuri Kahiu ilivyopigwa marufuku nyumbani wakati Cannes ilikuwa imeikaribisha. Tamasha la filamu 60 litahitaji vibali 60, na asiyelipanga hilo mapema atafungua pazia bila filamu.

Kwa hiyo, kabla ya kutangaza lolote, wawakilishi wetu wa wadi na wenzao wa Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River na Taita Taveta wajibu maswali manne. Je, tamasha litakuwa shirika huru lenye bodi isiyoteuliwa na gavana mmoja? Je, kaunti sita zitaweka fungu dogo la kila mwaka kwa sheria, hata kama ni kidogo, ili mfadhili akiondoka taa isizimike? Je, kutakuwa na skrini Mtwapa, Msambweni, Faza na Hola kabla ya zulia jekundu la Nyali? Na filamu zitatafsiriwa kwa Kiswahili, kwa maandishi au kwa msimulizi wa vibandani, ili mama wa Majengo asihitaji Kiingereza kuelewa hadithi ya Msomali au ya Mhindi?

Wakisema ndiyo kwa yote manne, nitakuwa wa kwanza kununua tiketi. Wakisema tuanze na uzinduzi kwanza halafu mengine yatafuata, basi tujue tunaalikwa kwenye picha nyingine ya magazeti.

Watu wa Unguja walianza wakiwa na nchi iliyogawanyika, kumbi zilizokufa na misaada iliyokatwa. Walikuwa na ngome, skrini na jenereta la kwenda Pemba. Sisi tuna ngome kubwa zaidi na kaunti sita zenye bajeti. Tuanze na jenereta.